Waya Uliopita Nje ya Ukuta: Historia Fupi ya Intaneti na Wafungwa Mpakani Busia na Malaba

Hapa tumezoea kuongelea programu, seva, simu mpya na bei ya intaneti. Leo nataka tuongelee watu ambao mambo hayo yote yanapita karibu nao lakini hawayagusi: wafungwa na mahabusu. Tena sitaki kuongea kijumla. Nitachukua sehemu moja tu, Busia na Malaba upande wa Kenya, nieleze historia yake ya mawasiliano kuanzia reli mpaka kesi za kwenye skrini, kisha tuone gereza lilipata nini katika safari hiyo.

Swali ninaloomba tulibebe mpaka mwisho ni hili: intaneti ilipofika gerezani, ilimfikia nani? Hakimu, askari jela, au mfungwa?

Milango miwili ya Afrika Mashariki

Busia na Malaba ni milango. Mzigo unaoshuka Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, sehemu kubwa yake hupita katika mmoja wa miji hii. Hata neno boda boda limetoka huku. Miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walikuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja mpaka cha nchi nyingine, wakinadi safari ya "boda, boda". Leo neno hilo liko kila kona ya Afrika Mashariki.

Mpaka wenyewe ni wa juzi juzi. Hadi mwaka 1902 eneo lote hili lilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakalihamishia kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wana mashamba upande mmoja na wajomba upande wa pili. Hali hiyo haijabadilika mpaka leo, na ni muhimu kwa habari yetu, kwa sababu mtu akifungwa Busia, huenda mama yake yuko nchi nyingine ingawa hayuko mbali hata kilomita ishirini.

Sasa tuangalie nyaya. Reli ilipita Malaba kuelekea Tororo na ikafika Kampala mwaka 1931. Reli haiendeshwi bila stesheni kuongea na stesheni, kwa hiyo nguzo za waya zilifuata njia hiyo hiyo. Miaka mingi baadaye zikaja simu za mkononi. MTN ilianza Uganda mwaka 1998, na upande wa Kenya Safaricom na Kencell zikaanza mwaka 2000. Mawimbi ya redio hayana pasipoti. Ukiwa mjini Busia, simu yako inaweza kushika mnara wa Uganda ukiwa umesimama Kenya, na watu wengi wa mpakani walizoea kutembea na laini mbili mfukoni. Mwezi Septemba 2006 Celtel, iliyorithi Kencell, ikaondoa gharama za kuvuka mpaka kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2015 Uganda ikaingia pamoja na Kenya na Rwanda katika utaratibu wa serikali wa kushusha bei za simu zinazovuka mpaka.

Lakini hatua kubwa kuliko zote ilikuwa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa ya satelaiti, ghali na ya kujikongoja. Mwaka huo nyaya za TEAMS na Seacom zikafika Mombasa kupitia baharini. Uganda haina bahari. Ili ifaidike, ilibidi nyaya za faiba zivutwe kwa nchi kavu kutoka Mombasa mpaka mpakani, na mpakani maana yake ni Busia na Malaba. Kwa hiyo barua pepe, picha na simu za Waganda kwa mamilioni zikawa zinapita kwenye mitaro iliyochimbwa katika miji hii miwili.

Busia ina gereza la serikali. Mkondo mkubwa wa habari wa nchi nzima ukawa unapita mjini, nje ya ukuta wake, na ndani ya ukuta barua bado ilikuwa ya karatasi, inayosomwa na askari kabla haijatoka.

Ndugu wawili wa Samia

Historia ya huku ina jambo moja ambalo kila nikilifikiria natikisa kichwa. Mtu aliyefungua magereza ya Kenya kwa habari za nje alikuwa mbunge wa Busia, na mtu aliyekuwa waziri wa mambo ya intaneti Uganda wakati nyaya za baharini zinafika alikuwa ndugu yake wa damu.

Wa kwanza ni Moody Awori, mbunge wa Funyula kwa zaidi ya miaka ishirini. Serikali ya Mwai Kibaki ilipoingia, Awori akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 2003, na Septemba mwaka huo huo akawa Makamu wa Rais baada ya kifo cha Michael Wamalwa. Magereza yalikuwa chini yake. Wakati huo gereza la Kenya lilikuwa mahali pa kusikia kwa mbali tu: msongamano, magonjwa, watu kulala sakafuni. Awori akaisukuma ile iliyoitwa sera ya milango wazi. Waandishi wa habari wakaruhusiwa kuingia. Magodoro yakanunuliwa. Redio, magazeti na runinga vikaingia ndani.

Watu wengi walimcheka. Walisema magereza yamegeuzwa hoteli, eti wezi wanaangalia mpira huku mwananchi mwaminifu hana umeme. Mimi naona jambo lingine. Runinga ile ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali kukubali waziwazi kwamba mfungwa aliyenyimwa uhuru wa kutembea hajanyimwa haki ya kujua dunia inaendaje. Kwa lugha yetu ya kompyuta, ilikuwa njia ya upande mmoja: data inashuka, haipandi. Lakini ilikuwa njia.

Wa pili ni Aggrey Awori, mdogo wake Moody, aliyefanya siasa zake upande wa Uganda. Aliwahi kuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, upande wa pili wa mpaka ule ule, na aligombea urais mwaka 2001. Kuanzia Februari 2009 hadi Mei 2011 alikuwa Waziri wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano wa Uganda. Alifariki Julai 2021. Kwa hiyo Seacom inawashwa Julai 2009, waziri mhusika wa Uganda ni mtoto wa familia hiyo hiyo ya mpakani.

Familia moja ilitoa mtu wa kupeleka runinga gerezani na mtu wa kusimamia intaneti nchini, tena katika muongo mmoja. Kazi hizo mbili hazikukutana. Hakuna aliyesema: sasa faiba imefika, tufanye nini na wale walio ndani?

Simu ya kuficha

Wakati wakubwa hawajalijibu swali hilo, wafungwa walilijibu wenyewe. Simu za bei nafuu zilipojaa sokoni miaka ya 2000, zikaingia gerezani kwa njia zote unazoweza kuzifikiria. Sheria inazihesabu kuwa bidhaa haramu mle ndani, kwa hiyo zinafichwa, zinakodishwa na zinanunuliwa kwa bei isiyo ya duka.

Tuseme ukweli wote. Simu hizo zimefanya ubaya. M-Pesa ilianza Machi 2007, na haikupita muda Wakenya wakaanza kupokea ujumbe wa "nimekutumia pesa kimakosa, naomba unirudishie" kutoka kwa watu wasiowajua. Jina la Kamiti, gereza kubwa la Nairobi, likawa ndilo la kwanza kutajwa kila utapeli wa namna hiyo ulipozungumzwa. Kuna waliopoteza karo za watoto, na ninapotetea haki ya mfungwa kuwasiliana siwasahau hao.

Lakini simu hiyo hiyo ilifanya na jambo lingine. Novemba 2008, ndani ya Kamiti, askari walifanya msako wa simu na vitu vingine vya haramu. Walipokuwa wakiwapiga wafungwa, kuna simu iliyokuwa ikirekodi. Picha zile zikatoka nje ya ukuta na kuonyeshwa kwenye runinga, nchi nzima ikaona. Kabla ya hapo mfungwa angesema amepigwa, na ofisa angesema hajapigwa, na mambo yangeishia hapo. Kifaa kilichokuwa kikisakwa ndicho kilichotoa ushahidi wa msako.

Kwa nini basi wasiweke mitambo ya kuzuia mawimbi? Sisi watu wa ufundi tunajua ugumu wake. Mtambo wa kuzuia hufanya kazi kwa kupiga kelele kwenye masafa yale yale ya simu, na kelele haisimami kwenye ukuta. Ukipunguza nguvu, pembe za gereza zinabaki wazi. Ukiongeza, unaua simu za majirani, za askari wenyewe na za wakala wa M-Pesa barabarani. Mjini kama Busia ungekuwa unagusa mitandao ya nchi mbili. Ukifunga kampuni za Kenya tu, simu ya kuficha inaweza kutafuta mnara wa Uganda. Mpaka umefanya kazi ya kuzuia iwe ngumu maradufu.

Aliyekamatwa Malaba

Wacha niwape mfano, si wa mtu fulani, ni wa namna mambo yanavyokwenda. Chukua taniboi wa lori kutoka Tororo. Anakamatwa Malaba kwa sababu ya mzigo ambao karatasi zake hazilingani, au kwa sababu yeye mwenyewe hana hati. Simu yake inachukuliwa na kuwekwa na vitu vyake vingine. Namba ya mama yake iko ndani ya simu ile. Kichwani hana, kwani ni nani siku hizi anakariri namba? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 49, inasema mtu aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao anahitaji msaada wao. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni haki ya ubalozi wake kuarifiwa akiomba. Haki hizo zote zimeandikwa vizuri. Tatizo ni kwamba zinahitaji namba, na namba iko kwenye simu iliyozimika chaji ndani ya bahasha ya polisi.

Hakimu anampa dhamana ya pesa kidogo. Nyumbani wangeweza kuitafuta, lau wangejua. Hawajui. Anakaa rumande kwa wiki, pengine miezi, kwa kosa ambalo adhabu yake huenda ni faini. Serikali inamlisha muda wote huo. Msongamano wa rumande una sababu nyingi, na hii ya mtu kushindwa kuwaambia watu wake kwamba "niko Busia" ni mojawapo, nayo ingetibiwa na ujumbe mmoja.

Linganisha na haya. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, serikali ya Uganda ilizima intaneti nchi nzima kwa siku tano hivi. Waganda walilalamika, wafanyabiashara walihesabu hasara, dunia ikapiga kelele, na walikuwa na haki ya kulalamika. Siku tano tu. Yule wa rumande hali hiyo ndiyo maisha yake, na hakuna anayehesabu siku.

Mwaka 2020: intaneti inaingia kupitia mlango wa mahakama

Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa Kenya. Ndani ya siku chache Jaji Mkuu David Maraga akapunguza shughuli za mahakama, na magereza yakafunga milango kwa wageni. Wafungwa wasiozidi vifungo fulani na makosa madogo madogo walipitiwa upya, na zaidi ya elfu nne wakaachiliwa ili kupunguza msongamano. Mpakani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mnakumbuka foleni za malori Malaba na Busia mwaka ule, madereva wakisubiri majibu ya vipimo, foleni ikipimwa kwa kilomita. Wenyeji waliogopa madereva, madereva waliogopa karantini, kila mtu aliogopa gereza.

Kesi haziwezi kusimama milele. Kwa hiyo tangu mwisho wa Machi 2020 mahakimu na majaji wa Kenya wakaanza kutumia Skype, Zoom na programu za namna hiyo kusoma hukumu na kusikiliza maombi. Ndani ya magereza kikatengwa chumba, ikawekwa kompyuta au skrini yenye kamera, mahabusu akaitwa jina, akakaa mbele ya kamera, hakimu akamwona kutoka kwenye ofisi yake. Kazi hii ilienda kituo kwa kituo, kadiri vifaa na umeme vilivyoruhusu. Julai 2020 Mahakama ikaanzisha uwasilishaji wa kesi kwa mtandao jijini Nairobi, na Machi 2024, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, mfumo huo ukatangazwa kwa nchi nzima.

Faida zake zipo, nami nitakuwa wa mwisho kuzikataa. Kutoka Malaba mpaka Busia ni kama kilomita thelathini. Kila mtu unayemsafirisha kwenda kutajwa kesi ya dakika tatu anahitaji gari, mafuta na askari. Gari likiharibika, kesi inaahirishwa wiki mbili. Skrini haina pancha.

Lakini kuna maswali ambayo watu wa programu hatuyaulizi vya kutosha. Ibara ya 50 ya Katiba inasema mshtakiwa ana haki ya kuwapo anaposhtakiwa. Je, sura iliyoganda kwenye skrini ipo? Ibara hiyo hiyo inampa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya mahakama. Katika mahakama ya mpakani mshtakiwa anaweza kuwa mtu wa Kiteso, Kisamia, Kiganda au Kilingala. Ukalimani wa ana kwa ana ni mgumu. Ukalimani wa sauti inayokatika ni kubahatisha. Na wakili anayetaka kumnong'oneza mteja wake jambo afanyeje, wakati kipaza sauti kiko mezani na askari amesimama mlangoni? Mwenye kuandika programu za mikutano alifikiria ofisi. Hakufikiria rumande.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili. Mwaka 2020, kwa mara ya kwanza, faiba ile iliyokuwa inapita nje ya ukuta ilipata sababu ya kuingia ndani. Waliyoileta ni mahakama, kwa kazi ya mahakama. Mahabusu anakaa mbele yake pale tu dola inapotaka kumwona, na kikao kikiisha anarudi selo. Mwaka ule wa milango kufungwa, kuna wakati ilikuwa rahisi zaidi kwa mahabusu kuonana na hakimu kuliko kuonana na mama yake.

Hesabu ndogo ya fundi

Mnajua tabia yangu, siwezi kumaliza bila hesabu. Video ya kawaida ya mkutano tuiwekee megabiti 1 kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni megabiti 3,600, yaani megabaiti 450. Barua ya herufi elfu mbili, ambayo ni ukurasa mzima wa karatasi, ni kama kilobaiti 2. Gawanya: saa moja ya kesi kwa video ni sawa na barua 225,000. Wafungwa na mahabusu wote wa Kenya ni makumi ya maelfu, hawafiki laki moja. Kwa hiyo saa moja ya njia ile ile ingempa kila aliye gerezani nchi nzima nafasi ya kuandika barua mbili na zaidi.

Kwa hiyo tusiambiwe kwamba tatizo ni uwezo wa mtandao. Uwezo upo. Kilichobaki ni uamuzi.

Sheria iko wazi kwa wote isipokuwa mhusika

Kuna upande mwingine wa intaneti unaosahauliwa, nao ni kusoma. Kenya ina bahati. Sheria zake na hukumu za mahakama zake zinawekwa kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Francis Muruatetu kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba. Wafungwa wengi, hata wa wizi wa mabavu, wakaanza kuomba wahukumiwe upya. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Mtu yeyote mwenye simu angeweza kuyasoma yote mawili akiwa kwenye matatu. Mtu ambaye kamba iko shingoni mwake ilibidi asubiri mtu wa kumchapishia.

Pamoja na hayo wapo waliosoma sheria kwa karatasi wakashinda. Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002. Yeye na wenzake zaidi ya mia nne walifungua kesi, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikakubali kwamba adhabu ya kifo ya lazima haifai. Kigula akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha London akiwa gereza la Luzira, na akaachiliwa mwaka 2016. Kamiti nako, Peter Ouko alisoma sheria kwa chuo hicho hicho akiwa kifungoni, na akasamehewa na Rais mwaka 2016. Shirika lililowasaidia, African Prisons Project, siku hizi linaitwa Justice Defenders. Elimu ya masafa yenye mtandao kwa wenzao wa nje, kwao ilikuwa vitabu na makaratasi ya kuingizwa kwa mkono. Hebu fikiria wangapi wangefika huko kama maktaba ingekuwa ndani ya mashine moja isiyohitaji hata intaneti.

Huko kwingine

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulizifanyia marekebisho kanuni za mwaka 1955 za kuwatunza wafungwa, zikaitwa Kanuni za Nelson Mandela. Kanuni ya 58 inasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki kwa barua na, panapowezekana, kwa simu na njia za kielektroniki na kidijitali, pamoja na kutembelewa. Kumbukeni hilo "pamoja". Skrini haikuletwa ili ifute siku ya wageni.

Ulaya, mfungwa mmoja wa Estonia aitwaye Kalda aliishtaki nchi yake kwa kumnyima tovuti za sheria na za Baraza la Ulaya. Januari 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikampa ushindi. Mahakama haikusema kila mfungwa apewe intaneti. Ilisema kwamba kama dola imeamua kuwapa wafungwa kompyuta zenye tovuti fulani za sheria, lazima iwe na sababu za maana za kukataa nyingine. Mwaka uliofuata ikamuunga mkono mfungwa wa Lithuania aliyetaka tovuti ya wizara ya elimu ili asome.

Marekani magereza ya serikali kuu yana mfumo wa barua pepe uitwao TRULINCS. Hauna intaneti. Mfungwa anaandika maneno matupu, bila picha wala kiambatanisho, kwa watu walioidhinishwa, na ujumbe unaweza kusomwa na maofisa. Anatozwa kwa dakika. Kwenye majimbo, kampuni binafsi zinauza "stempu" za barua pepe na vifaa vya kusomea, na familia maskini ndizo zinazolipa. Tujifunze yote mawili hapo: ufundi unawezekana, na biashara yake inaweza kugeuka kuwa adhabu ya pili kwa mama aliyebaki nyumbani.

Kinachowezekana Busia

Mimi si mwanasheria, ni mwandika programu, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Mfumo wa barua za gerezani ni programu ndogo. Weka mashine moja kwenye chumba kile kile cha kesi za video, iwe inafunguliwa saa ambazo hakimu haitumii. Mtu anaandika, au anasomewa na kuandikiwa kama hajui kusoma. Ujumbe unakaa foleni, ofisa anaukagua kama anavyokagua barua ya karatasi leo, kisha unatoka kwenda simu ya nyumbani kama ujumbe mfupi, iwe laini ya Kenya au ya Uganda. Jibu linarudi njia hiyo hiyo. Hakuna Facebook, hakuna M-Pesa, hakuna namba isiyoidhinishwa. Kwenye mashine hiyo hiyo weka nakala ya Katiba, sheria na hukumu, ibadilishwe kila mwezi kwa kifaa cha kuchomeka. Tapeli hapati kitu hapo. Taniboi wa Tororo anapata mama yake.

Na kabla hata ya programu, kuna jambo lisilohitaji senti: siku ya kwanza ya kukamatwa, kabla simu haijazimika, mtu aruhusiwe kunakili namba tatu kwenye karatasi. Mteja wangu wa kwanza wa teknolojia ya gerezani ningependa awe kalamu.

Halafu tufikirie siku ya kutoka. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa kampuni huirudisha sokoni. Mtu anatoka baada ya miaka miwili, namba yake ina mwenyewe mwingine, na M-Pesa, benki, na akaunti ya eCitizen ya kuombea huduma za serikali zote zinapeleka namba za siri kwa mgeni. Anaanza maisha akiwa hana jina mtandaoni. Serikali iliyomfungia ndani inajua kabisa alikuwa wapi muda wote huo. Kuijulisha kampuni ya simu imshikie laini yake ni kazi ya safu moja kwenye jedwali.

Turudi kwenye swali letu. Runinga ilipoingia, ilimfikia mfungwa. Simu ya kuficha ilimfikia mwenye pesa na mjanja. Faiba ilipoingia mwaka 2020, ilimfikia hakimu. Nyaya ni zile zile, kompyuta ni ile ile, na chumba tayari kipo. Anayefanya kazi mahakamani au magerezani huko mpakani, na mwenye ndugu aliyepitia humo, naomba atueleze hali ilivyo siku hizi. Na wenzangu wa programu wenye wikendi moja ya bure, mnajua pa kuanzia.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena panapo majaliwa.